Tiki ya Mkwe Wangu

Kwenye ukuta wa chumba chetu cha chanjo kulikuwa na chati niliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Chini niliandika miezi, pembeni nikaandika idadi ya wajawazito, na katikati ukapanda mstari. Niliupenda mstari ule kuliko inavyompasa mtu mzima kupenda mstari. Kila mwisho wa mwezi niliuongeza, nikarudi nyuma hatua mbili, nikautazama. Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia: mtu wa hesabu, mwenye hasira za karibu, aliyeamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri limeshafanyika.

Zahanati yetu iko kijijini, si mbali na Segese kwa bodaboda, katika nchi ya mpunga, ng'ombe na mashimo ya dhahabu. Watumishi tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa muuguzi ninayekaribia kustaafu. Watu wote waliniita daktari, nami sikuwakatalia. Wa pili alikuwa mkunga wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, na wa tatu mlinzi. Waliokuwa na ruhusa ya kuchoma sindano ni wawili tu, mimi na mkunga.

Mwaka huo mradi mmoja ulituletea chanjo ya mafua makali kwa ajili ya wajawazito. Si mafua ya kupenga kamasi ukaenda shambani, bali yale yanayompanda mtu kifuani na kumlaza, na mwenye mimba humshika vibaya zaidi. Vichupa vilikuwa vidogo, kila kimoja dozi ya mtu mmoja. Sote wawili tulichoma, lakini kazi yangu hasa ilikuwa kufuatilia: nani ana mimba, nani amechanjwa, nani hajachanjwa na kwa nini, na mwisho wa yote mama na mtoto wamekuwaje. Kila mwanamke alikuwa na mstari wake kwenye rejista, na kwenye kila mstari kulikuwa na kisanduku cha tiki.

Kama unadhani hiyo ni kazi ya kukaa kwenye kiti, jaribu kuwafuatilia wanawake wa machimboni. Rashi ikilipuka mahali, maana yake mtu ameona dhahabu na habari imevuja, kambi nzima inahama kwa siku mbili. Mwanamke uliyemwandikisha Jumatatu akiuza uji kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga, Alhamisi unakuta majivu na mifuko ya nailoni. Unapiga simu, haipatikani. Unauliza kwenye karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe, wanakwambia amekwenda upande wa Geita na mume wake, au na mtu wanayedhani ni mume wake.

Mmoja nilimfuata hivyohivyo. Alikuwa na mimba ya miezi sita na kisanduku chake kilikuwa kitupu, nacho kilinikera kama punje ya mchele iliyokwama kwenye jino. Nilipanda bodaboda, nikapanda basi, nikapanda bodaboda nyingine, nikiwa na kichupa kwenye kiboksi cha barafu mapajani. Nilimkuta huko Geita nyuma ya maduara mapya, yale mashimo ya wachimbaji, anakaanga chapati. Aliponiona alisimama na upawa mkononi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Daktari! Hata aliyenipa hii mimba hajanitafuta namna hii!"

Wachimbaji waliokuwa wanasubiri chapati wakaangua kicheko. Nilimchoma palepale, nyuma ya turubai, nikatia tiki nikiwa nimesimama. Nilirudi nyumbani nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikamsimulia mke wangu, na mkwe wangu akasikia akiwa jikoni. Nilimsikia naye akicheka, taratibu, mkono ukiwa mdomoni.

Huyo mkwe ni mke wa mwanangu. Mwanangu alikuwa anachimba huko huko Geita, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na mke wake aliishi kwetu. Alikuwa msichana mpole, mwenye mikono isiyotulia. Kila unapomwona anapepeta, anasonga, anafua. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na mjukuu wetu wa kwanza. Mke wangu alishaanza kukusanya kanga kuukuu za kumpokelea mtoto.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wasomaji wa kwetu wanalijua bila kuambiwa. Usukumani, mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, na mwili wake hutakiwi kuutazama. Akikuletea chakula anakiweka chini, anapiga goti, anasalimia, anaondoka. Watu wa mjini wengi wameshaiacha desturi hiyo, na mimi mwenyewe, mtu wa sindano na vipimo, nilikuwa naicheka mbele ya wenzangu. Lakini kucheka ni kucheka. Kwa miaka miwili aliyokaa kwangu sikuwahi kumgusa msichana yule hata kidole, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwake.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Alhamisi, mwanzoni mwa mvua. Mkunga alikuwa amekwenda na pikipiki ya zahanati kutoa huduma kwenye mwalo mmoja ng'ambo ya mto, na alitakiwa kurudi saa nane mchana. Mimi nilibaki na foleni.

Nilikuwa na utaratibu wangu wa kazi, na nilijisifia nao. Nilikuwa naandika kwanza, nachoma baadaye. Nakusanya kadi zote kwa pamoja, najaza tarehe, natia tiki kwenye rejista mstari kwa mstari, kisha naita mmoja mmoja: sindano, pamba, kwaheri. Foleni ilikwenda upesi na mwandiko ulikuwa mzuri kwa sababu mkono haukukatizwa. Mkunga alishanionya.

"Daktari, ipo siku utampa tiki mtu aliyekwenda chooni akapitiliza nyumbani."

"Tangu nianze kazi hii hajapitiliza hata mmoja," nilimjibu, na lilikuwa jibu la kweli.

Siku ile kadi zilikuwa saba. Nikaandika zote kwa kufuata namba, bila kusoma majina, nikaita sita. Iliyobaki niliifungua ili niite jina, nikaona jina la mwanangu kwenye nafasi ya mume. Nikainua macho. Mkwe wangu alikuwa amepiga goti kizingitini, uso ameuelekeza pembeni, kanga ameivuta mpaka kwenye kidevu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," nikaitikia kwa Kisukuma, kama tunavyosalimiana mchana.

Sindano nilikuwa nimeshaishika mkononi. Ili nimchome ilibidi ashushe kanga, apandishe mkono wa gauni mpaka begani, nami nishike nyama ya mkono wake kwa vidole vyangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mgonjwa yeyote, na nimewazalisha wanawake wengi maishani mwangu. Nikairudisha sindano kwenye sinia.

"Subiri mkunga," nikamwambia. "Anakuja saa nane."

"Ndiyo, baba."

Nikaiweka kadi yake pembeni mwa meza, akaichukua, akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Mimi nikatazama rejista. Tiki yake ilikuwa imeshakauka, safi, chini ya zile sita. Kufuta kungechafua ukurasa. Nikasema moyoni, mkunga akija atamchoma, na tiki itakuwa kweli.

Mvua ikaanza kunyesha. Wakaniletea mtoto aliyemwagikiwa na maji ya moto, nikashughulika naye hadi saa kumi, na nilipomaliza nikaona benchi la nje li tupu. Nikafunga chumba changu, nikaenda nyumbani.

Jioni ile mke wangu alimuuliza mbele yangu, wakiwa wanachambua mchele.

"Umechomwa ile sindano?"

"Ndiyo, mama."

Na kweli alikuwa amebana kipande cha pamba chini ya mkono wa gauni, niliiona ncha yake. Basi mkunga alirudi nikiwa na yule mtoto aliyeungua, nikawaza. Nikala ugali wangu nikalala.

Mwisho wa mwezi nilihesabu vichupa kwenye jokofu la chanjo. Kimoja kilizidi. Nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu, nikakasirika. Tiki na vichupa lazima viwiane, na kwangu mimi vilikuwa vimewiana kila mwezi. Ningeweza kumuuliza mkunga. Ningeweza kupitia mistari na kuwauliza wanawake mmoja mmoja. Wengi wao walikuwa wanapita mlangoni kwangu kila siku. Badala yake nilijiambia kwamba walioleta mzigo walikosea hesabu. Nikakichukua kichupa kile, nikakitupa kwenye sanduku la sindano zilizotumika, na kwenye fomu nikaandika: kimoja kimevunjika. Hesabu ikakaa sawa. Nikaenda ukutani nikaongeza mstari wangu.

Miezi mitatu baadaye nikaitwa Shinyanga kwenye kikao, nikaeleze tumefanyaje. Walitaka kujua imekuwaje zahanati ya machimboni, mahali watu hawakai, ikachanja karibu kila mjamzito aliyeandikishwa. Nilivaa shati jeupe. Nilibandika chati yangu mbele ya watu, nikawasimulia habari ya yule wa chapati, wakacheka, wakapiga makofi. Mama mmoja wa mradi, mratibu wetu, alisimama akasema hivi ndivyo ufuatiliaji unavyotakiwa kuwa: kumjua kila mwanamke. Nilikaa nikanywa chai, na nakiri kwamba niliongeza andazi la pili kwa sababu ya furaha tu.

Simu ikaita nikiwa bado natafuna. Alikuwa mkunga.

"Daktari, toka nje."

Nikatoka kwenye kibaraza.

"Mkwe wako nimempokea asubuhi. Homa kali, kifua kinabana, anapumua mbiombio kama kuku wa jua. Midomo imeanza kubadilika rangi. Nimempakia kwenye gari la wagonjwa, tuko njiani kwenda hospitali ya wilaya."

"Ni malaria," nikasema. "Umempima malaria?"

"Nimempima. Hana. Haya ni yale mafua, daktari. Yamejaa kijijini wiki hii, nusu ya watoto wa shule wamelala. Ila yeye kadi yake inaonyesha amechanjwa, ndiyo maana nashangaa."

Nilipanda basi la kwanza. Njia nzima nilikuwa nahesabu wiki za mimba kwa vidole, narudia, wiki thelathini na mbili, thelathini na tatu. Sikuwa na hofu ya kweli bado. Nilikuwa nashangaa tu, kama mkunga.

Nilimkuta mkunga kwenye korido, ameketi na kadi mapajani. Ndani ya wodi, kupitia mlango, niliona miguu ya mkwe wangu chini ya shuka na mtungi wa oksijeni. Niliichukua ile kadi. Tarehe ya chanjo ilikuwa kwa mwandiko wangu. Nikaitazama tarehe ile: ilikuwa ile Alhamisi ya mvua.

"Siku hii," nikamuuliza mkunga, "ulimchoma saa ngapi?"

"Siku gani?"

Nikamwonyesha.

"Hii si ile siku mto ulijaa?" akasema. "Mimi siku hii nilikwama ng'ambo. Nilifika zahanati saa kumi na mbili jioni, nimelowa mpaka mifupa. Nikafungua rejista nione kama kuna aliyebaki, nikakuta mistari saba, tiki saba. Nikafunga jokofu nikaenda zangu." Akanitazama. "Sikumchoma mimi. Si ulimchoma wewe?"

Mkunga naye ni Msukuma. Nilimwona anaelewa, taratibu, kuanzia machoni hadi mdomoni. Akapeleka kiganja kinywani na kukiacha hapo.

Nakumbuka nilikaa chini, sakafuni, na shati langu jeupe. Mtu alinipita na ndoo akaniambia mzee, hapo pana maji. Nilikuwa nimemfuata mwanamke nisiyemjua mpaka Geita na barafu mapajani, na huyu anayenipikia ugali kila siku nilikuwa nimempa tiki bila sindano. Na kichupa chake nilikuwa nimekishika mkononi mwangu. Nilikuwa nimekitupa ili hesabu ikae vizuri.

Mtoto alizaliwa kesho yake asubuhi. Alikuwa wa kike, mdogo, na hakulia. Mama yake alibaki kwenye oksijeni siku nyingine nne, kisha akaanza kunywa uji. Kipimo cha puani walichomchukua kwa ajili ya mradi kilirudi baadaye: mafua yaleyale. Mganga wa wodi, kijana mwenye huruma, aliniambia nisijisumbue kuuliza kwa nini, maana hata aliyechanjwa anaweza kuugua, hakuna chanjo ya asilimia mia. Alikuwa ananifariji kwa jambo la kweli kuhusu uongo nilioandika mimi. Nikamshukuru.

Mwanangu alifika siku ya mazishi, na tope la duarani bado liko kwenye viatu. Alikaa karibu nami mpaka watu walipopungua.

"Baba," akasema, "dawa yako imeniulia mtoto."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo niliufungua. Nikamwona mke wangu, nikawaona wazee wa ukoo kwenye viti vyao, nikafikiria namna ya kutamka mbele yao kwamba nilishindwa kumshika mkwe mkono, na kwamba baada ya kushindwa niliandika kwamba nimeweza. Nikaufunga.

"Pole, mwanangu," ndilo nililosema.

Neno lake lilitembea upesi kuliko pikipiki. Mwarobaini wa daktari umemrudia mwenyewe, walisema kwenye kilabu cha pombe. Amemchoma mkwe wake, mtoto amekufa tumboni. Kliniki ya Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake kupima uzito na kuchukua vyandarua, lakini nilipofungua kiboksi cha chanjo ya mafua wakaanza kutazama miguu yao. Mmoja mwenye mimba ya miezi minane alinirudishia kadi kwa heshima zote.

"Hapana, daktari. Mimi niache tu na mafua yangu."

Watoto wa shule walikuwa bado wanakohoa kijiji kizima. Wiki ile hakuchomwa hata mmoja, wala iliyofuata. Mstari wangu ukutani ulifika mahali ukasimama.

Kisha fomu ikaja, ile ya matokeo. Kwa kila mwanamke aliyejifungua nilitakiwa kujaza vitu viwili vinavyofuatana: amechanjwa au hajachanjwa, mtoto yu hai au amefariki. Nilifika kwenye mstari wa mkwe wangu. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na tiki yangu. Kwenye cha pili ilibidi niandike amefariki. Nilikaa na kalamu mkononi, nikaelewa kwamba nikiijaza vile mtu mmoja mahali fulani, asiyetujua, atasoma kwamba chanjo ilishindwa, na hatakuwa na sababu ya kutoniamini. Mjukuu wangu angekuwa ushahidi wa uongo. Nililia, na sioni haya kusema.

Nilikwenda kwa mkunga nikamwambia na habari ya pamba na ya kichupa, ambazo alikuwa hazijui. Nilidhani atanionea huruma. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Umenifanya nikafunga jokofu na kumbe kuna mtu hajachomwa," akasema. "Sasa usiniambie mimi. Kalamu unaijua sana. Alhamisi utasimama, utasema kwa mdomo."

Nyumbani nilimwambia mke wangu asubuhi ya Alhamisi ileile, maana nilijua nikimwambia mapema nitapata wa kunizuia. Hakunizuia. Alimwita mkwe wetu avae, waende pamoja.

Banda la kusubiria lilijaa. Nadhani habari kwamba kuna jambo ilikuwa imewatangulia. Mkunga alisimama mlangoni amefumbata mikono. Nikasimama mbele ya wanawake wale, wengi nimewapokelea watoto wao kwa mikono hii, nikasema. Nikasema siku ile mkunga hakuwepo. Nikasema mkwe alikuja, nikashindwa kumgusa. Nikasema niliandika kwamba amechomwa wakati hajachomwa, na kwamba dawa yake niliitupa mwenyewe nikaandika imevunjika. Nikasema chanjo haikumgusa mtoto yule, haikumfikia.

Nilitegemea kelele. Badala yake nikaona nyuso zilizojifunga. Bibi mmoja, mama wa yule wa mimba ya miezi minane, akanyanyua mkono.

"Daktari, tunakuheshimu. Lakini leo unasema hukumchoma kwa sababu tumeikataa dawa yako. Ungekuwa na mgomba ukanyauka, nawe ungesema hukuupanda. Kwenye kadi si umeandika umechoma?"

"Nimeandika."

"Na wewe huwa hukosei kuandika. Umetuambia mwenyewe mara ngapi?"

Wakaguna kukubaliana. Nikabaki nimesimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nasema kweli kinyume cha mwandiko wangu, na watu waliuamini mwandiko. Wengine walishaanza kufunga watoto mgongoni waondoke.

Ndipo mkwe wangu akasimama. Alikuwa ameketi nyuma kabisa na mke wangu, bado amekonda, kanga nyeusi begani. Sikuwahi kusikia sauti yake mbele ya watu. Haikuwa kubwa.

"Baba hakunichoma," akasema. "Angenichomaje? Nyinyi ni wakwe za watu, mnajua. Alinitazama, nikamtazama, tukaona aibu wote. Nilisubiri pale kwenye benchi mpaka saa kumi nikaondoka."

"Mbona ulimwambia mama mkwe wako umechomwa?" mkunga akauliza kutoka mlangoni.

Aligeukia mlangoni.

"Kadi niliiangalia njiani. Kusoma najua. Nikaona baba ameshaandika. Nikajiuliza, nikirudi kesho kuchomwa, mkunga atauliza kwa nini kadi inasema hivi, na baba ataonekana mwongo kazini kwake. Nikachomoa pamba kwenye mto wangu wa kulalia, nikaiweka hapa, ili mama asiulize sana." Akagusa bega. "Nilijiambia ni mafua tu."

Nilishika nguzo ya banda. Tangu siku ile ya hospitali nilikuwa nimelaumu mto, mvua, mzigo wa vichupa, hata mtoto aliyeungua. Na tangu siku ya tiki alikuwapo mtu mmoja aliyeijua tiki yangu kuwa ya uongo, akaitunza kama anavyotunza chakula changu kisipoe.

Mke wangu alianza kulia. Mkwe wangu hakulia. Alishusha kanga, akapandisha mkono wa gauni mpaka juu, akageuka mbele ya wanawake wote na mbele yangu, mkono wake wa kushoto ukiwa wazi.

"Angalieni," akasema. "Pana alama hapa? Sikuchomwa."

Wakainuka kuangalia. Yule bibi alisogea karibu, akaushika, akaupapasa kwa kidole gumba, akageukia wenzake akasema hana, kweli hana. Binti yake, yule wa mimba ya miezi minane, akaanza kukunja mkono wa gauni lake, na mwingine nyuma yake, na mkunga akaingia ndani kuleta sinia.

Mimi nilibaki pale nguzoni. Chanjo ile haiachi alama. Wale sita niliowachoma siku ileile, mikono yao ilikuwa vilevile, laini, haina kitu, na mimi na mkunga peke yetu ndio tuliolijua hilo. Nilimtazama mkwe wangu mkononi, kwa mara ya kwanza na mbele za watu, vidole viwili chini ya bega, mahali panapochomwa. Kuchoma hapo ni kazi ya kuhesabu moja mpaka tatu.